Mbunge Anapomkosoa Waziri wa Chama Chake



Siku ya Ijumaa ya juma la tatu la Majilio, tarehe 20 Desemba 2013, Mbunge mmoja wa Chama Cha Mapinduzi alisimama mbele ya Bunge mjini Dodoma akasoma taarifa iliyowaacha mawaziri wanne wa chama chake bila pa kujificha. Mbunge huyo alikuwa James Lembeli wa Kahama, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira. Miongoni mwa mawaziri hao wanne alikuwamo Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, Shamsi Vuai Nahodha, mtu aliyepata kuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar kwa miaka kumi. Kabla siku ile haijaisha, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilitangazia Bunge kwamba Rais Jakaya Kikwete ametengua uteuzi wao.

Nalikumbusha tukio hili kwa sababu ya swali ninaloulizwa mara kwa mara na waamini walio wanachama wa vyama vya siasa, hasa wale wenye nafasi za uongozi katika vijiji na kata zetu. Wanauliza kama ni halali mbele ya dhamiri mtu kumkosoa hadharani kiongozi wa chama chake mwenyewe, tena kiongozi mwenye dhamana ya ulinzi. Wengi wao wanapouliza huwa tayari na jibu mfukoni: mtoto mwenye adabu hamsemi baba yake barazani, mambo ya ndani yana vikao vyake, na jeshi ni kitu nyeti kisichoguswa. Jibu hilo lina kiasi chake cha ukweli, nami sitalidharau. Ila nadhani halitoshi.

Kwanza tuelewe kilichotokea. Operesheni Tokomeza ilianza tarehe 4 Oktoba 2013 kwa nia ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeipinga. Tembo walikuwa wakiisha. Katika ikolojia ya Selous, ambayo katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000, sensa ya mwaka 2013 ilikuta takriban 13,000 tu. Sisi watu wa Kusini hatuhitaji kuelezwa Selous ni wapi. Mtu wa Liwale au wa Tunduru anaijua kama jirani anavyomjua jirani, na tembo wale wana njia yao ya kale inayokwenda hadi Mto Ruvuma na kuvuka kuingia Niassa, Msumbiji. Ujangili ulikuwa vita halisi, wenye silaha za kivita na fedha nyingi nyuma yake. Serikali ikaunganisha Jeshi la Wananchi, polisi, askari wa wanyamapori na mgambo, ikawatuma kazini.

Haikuchukua mwezi mmoja. Tarehe 1 Novemba operesheni ilisitishwa kufuatia vilio vya wabunge waliokuwa wakipokea simu na barua kutoka majimboni mwao. Bunge likaiagiza Kamati ya Lembeli ichunguze. Kamati iliporudi, ilileta habari za raia 13 kuuawa, wanawake kubakwa, watu kuteswa na kunyang'anywa mali, mifugo ya wafugaji kupigwa risasi, na watuhumiwa zaidi ya 1,000 waliokamatwa. Wengi wa walioumizwa hawakuwa na meno ya tembo wala bunduki. Walikuwa wakulima na wafugaji waliokutwa makwao.

Wapendwa, hebu mfikirieni msomaji wa taarifa ile. Lembeli hakuwa adui wa hifadhi, kwani kabla ya kuingia bungeni aliwahi kuwa Meneja Uhusiano wa Shirika la Hifadhi za Taifa. Maisha yake ya kazi yalikuwa katika kuwatetea tembo haohao. Wala hakuwa mpinzani anayetafuta jambo la kuiangushia Serikali. Alikuwa mwanachama wa chama tawala, akiketi upande uleule wa ukumbi waliokoketi mawaziri aliokuwa akiwasomea, nao wote ni wabunge wenzake, maana kwa Katiba yetu waziri hateuliwi ila kutoka miongoni mwa wabunge. Alikuwa akiwasema watu ambao angekutana nao kesho yake kwenye chai.

Baada ya kusoma, wabunge wengine wa CCM walisimama, na wa upinzani wakasimama, wote wakidai uwajibikaji. Khamis Kagasheki wa Maliasili na Utalii akatangaza mwenyewe humo bungeni kwamba anajiuzulu. Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, David Mathayo wa Mifugo na Uvuvi, pamoja na Nahodha wa Ulinzi, wakaondoka pamoja naye.

Sasa nirudi kwa wale wanaosema angewaambia kwenye vikao.

Injili kwa Mathayo inaweka utaratibu unaojulikana na kila mwanafunzi wa katekisimu. Ndugu yako akikukosea, uende kwake mkiwa wawili tu. Asiposikia, uchukue mtu mmoja au wawili. Asiposikia tena, uliambie Kanisa. Watu wa vyama huupenda sana mstari huu hata pasipo kujua kwamba wanaufuata, wakiuita nidhamu ya chama. Ni utaratibu mzuri. Unalinda heshima ya mtu, unampa nafasi ya kujirekebisha, unazuia umbeya. Lakini tusome kwa makini: utaratibu huo unahusu ndugu aliyekukosea wewe. Kosa ni lako na lake, na ndiyo maana mnaweza kulimaliza wawili. Je, kosa likiwa limefanywa dhidi ya mtu wa tatu, asiye na kiti katika kikao chenu, ninyi wawili mna mamlaka gani ya kulimaliza?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye sisi tuliopitia seminari tulimsoma kwa jasho, analijadili jambo hili pale anapozungumza juu ya kuonyana kidugu. Anafundisha kwamba dhambi ya siri ionywe kwa siri kwanza, kusudi jina la mtu lisiharibiwe bure. Lakini dhambi iliyo ya hadharani haihitaji dawa kwa mkosaji peke yake. Inahitaji dawa pia kwa wale walioiona na wakaumizwa au wakakwazwa nayo, na dawa hiyo haiwezi kutolewa chumbani. Anakwenda mbali zaidi na kusema kwamba hata mtu wa chini aweza kumwonya mkubwa wake, ilimradi afanye hivyo kwa heshima. Mfano wake ni Paulo, aliyempinga Petro ana kwa ana kule Antiokia, mbele ya watu wote, kwa sababu kujitenga kwa Petro na waamini wasio Wayahudi kulikuwa kumeonekana na wote na kumewavuta wengine.

Hapa ndipo ninapoona jibu la vikao linapoanguka. Mateso ya Oktoba 2013 hayakufanyika katika kikao. Yalifanyika kwenye mashamba, kwenye maboma ya wafugaji, mbele ya watoto. Mjane wa mmoja wa wale 13 hana kadi ya kuingilia Kamati Kuu ya chama chochote. Kama kosa lililomfanyia yeye mjane lingejadiliwa na kusamehewa ndani ya mlango uliofungwa, waliosameheana wangekuwa watu ambao hawakukosewa. Tungekuwa tumefunika kombe ili mwanaharamu apite, na mwanaharamu mwenyewe akapita na silaha zake kuelekea kijiji kinachofuata.

Napenda kuongeza kwamba Petro hakuacha kuwa Petro baada ya Antiokia. Mtakatifu Agostino alimsifu kwa unyenyekevu wa kupokea onyo la mdogo wake, akaona hapo mfano kwa wakubwa wote. Nasi katika siasa zetu tumezoea kudhani kwamba mkubwa akikosolewa mbele za watu, ama yeye amekwisha ama mkosoaji wake amekwisha. Historia haisemi hivyo. Nchimbi, mmoja wa wale wanne, mwaka 2024 aliteuliwa Katibu Mkuu wa CCM, na mwaka 2025 akawa Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Mfano wa kale zaidi tunao, na unatoka mkoa uleule wa Mbunge tuliyemtaja. Katikati ya miaka ya 1970 watuhumiwa waliteswa, na baadhi yao wakafa, mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Yeye hakuwa Shinyanga. Hakumgusa mtu. Mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa wizara ilikuwa yake na waliotenda walikuwa watu wake. Akapelekwa kuwa balozi nchini Misri, na miaka minane baadaye akawa Rais wa nchi. Alipofariki dunia tarehe 29 Februari 2024, watu wengi walimsimulia kwa kisa kile cha kujiuzulu kuliko kwa mambo mengi aliyoyafanya akiwa Ikulu. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosimulia.

Hapo tunaona tofauti ambayo mjadala wa mitaani huichanganya kila mara. Hatia ni ya mtu aliyetenda, na mahakama ndiyo yenye kazi ya kuipima. Kuwajibika ni kwa mtu mwenye dhamana, hata kama mikono yake ni safi. Hakuna aliyesimama bungeni kudai kwamba Waziri wa Ulinzi alishika fimbo. Alichodaiwa ni kilichoandikwa katika Katiba yetu, kwamba mawaziri, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu, wanawajibika kwa pamoja katika Bunge. Kumwambia mtu awajibike si kumwita mwuaji. Wabunge wetu wangeieleza tofauti hiyo vizuri zaidi kwa wananchi, nadhani hasira nyingi zingepungua.

Lakini jeshi, Padre? Jeshi si jambo la kuchezea.

Sawa kabisa, na sisi wa ukanda huu wa mpakani tunalijua kuliko watu wanaolala mbali na Ruvuma. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, humu humu mkoani Mtwara, kilivamiwa na watu wenye silaha waliotoka ng'ambo ya mto, kutoka vurugu za Cabo Delgado. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa moto. Tangu siku ile, mama anayelala kando ya Ruvuma na kuamka salama anajua kwamba kuna kijana wa Kitanzania aliyekesha ili yeye alale. Mimi huwaombea vijana hao katika Misa, na sitakubali mtu anifanye niwaone kama maadui.

Ila ukanda huuhuu unakumbuka pia Mei 2013, miezi mitano tu kabla ya Tokomeza, Waziri wa Ulinzi akiwa ni yuleyule. Ghasia za bomba la gesi zilipolipuka Mtwara mjini, wanajeshi waliletwa kutuliza. Wanne kati yao walifariki katika ajali ya gari wakiwa safarini kuja huku, na tuwakumbuke, maana nao walikuwa na mama zao. Na watetezi wa haki za binadamu waliandika malalamiko ya raia waliosema wamepigwa na kuteswa katika siku zile. Mambo hayo mawili yanakaa katika kumbukumbu ya watu walewale. Mtu wa Mtwara anaweza kumshukuru askari wa mpakani na bado akataka pawepo mahali pa kuuliza kuhusu askari wa mtaani.

Mahali hapo ni wapi? Si kambini. Wala hatutaki askari apande jukwaani kujibizana na wanasiasa. Ndiyo kazi mojawapo ya kuwa na Waziri wa Ulinzi: asimame yeye, raia, apokee maswali na lawama kwa niaba ya jeshi, ili jeshi libaki nje ya siasa. Tulijifunza somo hili mapema. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles walipoasi, Waziri aliyekuwa na dhamana ya ulinzi, Oscar Kambona, ndiye aliyekwenda kuzungumza nao. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi, lenye jina linalosema wazi ni la nani. Kwa hiyo mbunge anayemkosoa Waziri wa Ulinzi kwa makosa ya operesheni halidhoofishi jeshi. Analitumia lile daraja lililojengwa kusudi malalamiko ya raia yasilazimike kulifikia jeshi kwa mawe. Daraja likifungwa, mawe ndiyo yanayobaki, nasi tumeyaona.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Desemba 2004 Seneta John McCain wa Marekani, mtu wa chama cha Republican aliyekaa zaidi ya miaka mitano kifungoni Vietnam kama mateka wa vita, alisema wazi kwamba hana imani na Donald Rumsfeld, Waziri wa Ulinzi wa Serikali ya chama chake. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba askari waliopelekwa Iraki hawakutosha. Aliambiwa aliyoambiwa. Rumsfeld aliendelea na kazi karibu miaka miwili, kujiuzulu kwake kukatangazwa Novemba 2006 baada ya chama chao kushindwa katika uchaguzi wa Bunge. Nimelinganisha visa hivi viwili mara nyingi. Seneta wa Marekani ana kinga ambayo mbunge wetu hana: chama chake hakiwezi kumnyang'anya kiti. Kwetu, Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompa ubunge, kiti chake kinakuwa wazi. Chama kikimfukuza, jimbo limekwenda. Ajabu ni kwamba kule mwenye kinga alisema, na ikachukua miaka miwili. Huku asiye na kinga alisema, na ikachukua siku moja. Sababu moja, naamini, ni kwamba wabunge wetu wa siku ile hawakuwa wakijadili sera ya mbali. Walikuwa wakijadili watu waliowapigia kura, na baadhi yao walikuwa wamekwenda mazishini.

Naona nitakuwa sikutenda haki nisipotaja gharama, maana kukosoa kuna gharama na wakati mwingine analipa asiyehusika. Mwishoni mwa Desemba 2013 Naibu Waziri wa Maliasili na Utalii, Lazaro Nyalandu, alieleza kwamba mwezi Oktoba, operesheni ikiendelea, walikuwa wameuawa tembo 2 tu, lakini tangu ilipositishwa tarehe 1 Novemba walikuwa wameuawa 60. Wapo waliozichukua takwimu hizo kuwa ushahidi kwamba wabunge walikosea kupiga kelele. Mimi nazichukua kwa uzito, na hata hivyo sikubaliani nao. Tembo 60 ni hasara ya kweli, kwa taifa na kwa uumbaji ambao tumepewa tuutunze. Lakini sijapata kuona mizani ambayo upande mmoja unaweka tembo na upande wa pili unaweka mtoto wa mtu aliyechukuliwa nyumbani kwake, kisha mtu akajiona ana haki ya kusubiri mkono wa mizani utulie. Na aliyeifanya vita halali ya ujangili ionekane kuwa vita dhidi ya wanavijiji hakuwa Lembeli. Alikuwa ni yule aliyebaka na kuua akiwa amevaa sare ya Serikali, na yule aliyemwacha afanye hivyo. Hao ndio waliowapa majangili likizo ya Novemba.

Gharama nyingine humwangukia mkosoaji mwenyewe. Julai 2015 Lembeli alikihama CCM akajiunga na CHADEMA, na katika uchaguzi wa mwaka ule hakurudi bungeni. Baadhi ya watu wakasema, mnaona, tangu mwanzo hakuwa mwenzetu. Hoja hiyo ni dhaifu. Ukweli wa taarifa unapimwa kwa yaliyomo, si kwa safari za baadaye za msomaji wake. Raia 13 hawakufufuka kwa sababu mtu amebadili kadi.

Pamoja na hayo, si kila anayemkosoa waziri wa chama chake ni Natani mbele ya Daudi. Natani alikwenda kwa mfalme kwa ajili ya Uria, askari aliyekwisha kufa, ambaye hakuwa na lolote la kumlipa. Wapo wanaokosoa kwa sababu baraza jipya la mawaziri limetangazwa na jina lao halimo. Wapo wanaosubiri mkubwa ajikwae ndipo wapate ujasiri. Mtu wa namna hiyo anaweza kusema maneno ya kweli kwa moyo mbovu, na maneno yakabaki kuwa ya kweli, lakini wananchi wana pua, hunusa. Kilichoipa nguvu taarifa ya Desemba 2013 si ukali wa lugha. Kamati ilikuwa imekwenda kwa watu, ikawasikiliza, ikaandika, ndipo ikasema. Nawashangaa wakosoaji wa siku hizi wanaoanza na kusema, kisha wanatafuta ushahidi wakiwa njiani.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alituachia mfano katika hili. Katika kitabu chake Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania aliwataja kwa majina Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa chama Horace Kolimba, wote wa chama alichokiasisi yeye, akaandika kwamba walikosea. Lakini hakuanzia kwenye kitabu. Alianza kwa mazungumzo na wakubwa, akaenda kwenye vikao vya chama, na alipoona jambo linalohusu taifa zima linaendelea kuyumba ndipo akaliweka mbele ya taifa zima. Mkatoliki yule alikuwa anaijua Mathayo yake.

Nasi wa Mtwara tuliona kitu cha jinsi hiyo mwaka 2018, wabunge wa CCM wa Kusini, akiwamo Hawa Ghasia wa Mtwara Vijijini na Nape Nnauye wa Mtama, walipoipinga Serikali ya chama chao kuhusu fedha za ushuru wa korosho zinazosafirishwa nje. Hoja yao haikupita. Walioudhika nao walikuwa wengi, ila sijakutana na mkulima wa korosho aliyesema kwamba wangenyamaza ingekuwa heshima zaidi.

Basi kwa wanaoniuliza, hasa wenyeviti wa vitongoji na wajumbe wa serikali za vijiji ambao hawatasimama Dodoma kamwe lakini wana mgambo walio chini yao: mgambo akimpiga mtu gulioni, usilipeleke kwanza mitandaoni, wala usilizike kwenye kikao cha chama. Nenda kwa aliyepigwa, sikiliza, andika. Mweleze mwenyekiti wako mkiwa wawili. Asiposikia, lipeleke kwenye Halmashauri ya Kijiji. Likikwama hapo, Mkutano Mkuu wa Kijiji upo kwa sheria na unapaswa kuitishwa walau kila baada ya miezi mitatu. Aliyepigwa atakuwa ameketi pale pale chini ya mwembe pamoja na wenzake, akisikia kwa masikio yake jambo lake likisemwa. Simama useme, kwa adabu, na umwombe mtendaji aandike katika muhtasari uliyoyasema, pamoja na jina lako.